Nguo za Dorkasi: Kazi za Mikono na Urafiki Wakati wa Taabu

Somo la vikundi vya mtaa na Umoja wa Akina Mama. Someni kwanza: Matendo ya Mitume 9:36–43, Matendo 18:1–3, Kutoka 35:20–29.



Somo letu linaanzia mahali pa msiba. Katika mji wa Yafa, kando ya bahari, mwanafunzi mmoja wa Bwana aitwaye Tabitha, ambaye kwa Kiyunani ni Dorkasi, maana yake paa, aliugua akafa. Walimwosha, wakamlaza katika chumba cha juu. Kwa kuwa Petro alikuwa Lida, na Lida si mbali na Yafa, watu wawili walitumwa wamwombe aje upesi. Alipofika na kupandishwa chumbani aliwakuta wajane wakilia, na huku wakilia wanamwonyesha kanzu na mavazi ambayo marehemu aliwatengenezea siku alipokuwa angali hai kati yao.

Wahubiri wengi hupita hapa haraka ili wafike mstari wa 40, kwenye muujiza. Sisi twaomba wasomaji wabaki kidogo kwenye mstari wa 39, pamoja na wale wajane na nguo zao mikononi. Luka hakutuandikia neno hata moja alilolisema Dorkasi. Hatuambiwi kama alikuwa na mume au watoto, wala umri wake. Tunaambiwa matendo yake mema na sadaka zake, na mwisho tunaonyeshwa kazi ya mikono yake. Kila mmoja wetu aliyekaa msibani anajua jambo hili. Mtu hufa, na baada ya kuzika, wenye nyumba hutoa kikapu alichokiacha nusu, sindano ingali imechomekwa, wakakipitisha kutoka mkono hadi mkono. Hakuna anayesema mengi. Kila mtu anapapasa mishono.

Yafaa tukumbuke pia nguo ilikuwa nini kwa mjane wa siku zile. Vazi la nje lilikuwa mali. Maskini alipokopa aliliweka rehani, ndiyo maana Sheria iliagiza arudishiwe kabla jua halijatua, kwa sababu usiku lilikuwa blanketi lake (Kutoka 22:26–27). Kwa hiyo Dorkasi hakuwapa wajane pambo. Aliwapa joto la usiku. Lakini tena tuangalie lile neno, kwamba alikuwa pamoja nao. Angeweza kushona peke yake chumbani kwake na kumtuma mtoto apeleke, na nguo ingekuwa ileile. Wajane wale hawakumlilia mtu wa mbali aliyewafadhili. Walimlilia mwenzao.

Na sura yenyewe haituondoi kwenye kazi za mikono. Mstari wa mwisho unasema Petro alikaa Yafa siku nyingi nyumbani kwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi, mtu ambaye Wayahudi wengi walimkwepa kwa sababu alishika mizoga.

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba kusuka na kushona ni mambo ya kupitishia wakati tu, na kwamba mambo ya rohoni ni kuomba na kuimba. Twawasihi wasome kitabu cha Kutoka. Watu wengi hufundisha kwamba Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, ndiye wa kwanza kutajwa kuwa amejazwa Roho ya Mungu kwa ajili ya kazi yake (Kutoka 31:1–5). Tukirudi nyuma hadi sura ya 28, mstari wa 3, twakuta wengine waliomtangulia, nao ni washonaji waliojazwa roho ya hekima ili watengeneze mavazi ya Haruni. Kisha katika sura ya 35 wanawake wanaleta nyuzi walizozisokota kwa mikono yao, za rangi na za singa za mbuzi. Watu hawa walikuwa jangwani, wametoka utumwani juzi tu, hawana shamba wala nyumba. Hawakungoja mambo yatulie ndipo watengeneze kitu kizuri.

Sasa tuje kwetu, Karagwe na Kyerwa. Nchi hii imejua kazi za mikono tangu kale. Wazungu Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika huko Bweranyange mwaka 1861 waliwakuta watu wenye wahunzi wao, nguo zao za magome ya miti na vyombo vyao vya kusuka. Bibi zetu walisuka ebiibo, yaani vikapu vya nafaka na vya kupelekea zawadi, na mikeka ya ukindu. Vijana wengi leo huiona mikeka hiyo harusini bila kujua inavyotengenezwa. Basi tueleze kidogo, kwa sababu namna ya kazi hii ndiyo inayoeleza kwa nini inafaa wakati wa taabu.

Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani mpaka yawe meupe, na mengine huchemshwa pamoja na rangi. Huchanwa yakawa miaa myembamba, huloweshwa kidogo yasivunjike, kisha husukwa kuwa ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache. Ukili ukishakuwa mrefu wa kutosha, hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka upanuke. Mkeka mmoja wa kulalia huchukua majuma kwa mtu mwenye shamba na watoto. Kikapu nacho huanzia kitako. Nyasi kavu hukusanywa kuwa kamba, kamba huzungushwa, na kila mshono hupita ndani ya mzunguko uliotangulia. Mshono ukilegea, mizunguko yote ya juu yake hupinda.

Kazi ya namna hii haiharakishwi, lakini pia haichukui akili yote. Vidole vikishazoea, mdomo unakuwa huru. Tena macho yanatazama chini. Sisi tuliofundisha shule kwa miaka mingi tunajua kwamba mtoto mwenye jambo zito, ukimweka mbele yako na kumwuliza, hanyamazi tu bali hujifunga kabisa. Mpe ufagio wa kufunga njiti, ukae ukifunga naye, na baada ya nusu saa atakuambia kilichompata nyumbani. Watu wazima hatuko tofauti. Mama aliyefiwa hawezi kutazamwa usoni na watu kumi na wawili na kuulizwa anaendeleaje. Lakini mwenye miaa mkononi anaweza kusema neno moja leo, na juma lijalo mawili. Akitaka kunyamaza, ananyamaza, na hakuna anayemwona mkorofi, kwa maana anafanya kazi.

Na furaha? Tuwe waangalifu hapa. Hatusemi kwamba kusuka kunaondoa huzuni. Tunasema hivi: huzuni haimwachi mtu na kitu cha kushika jioni. Amelima hakumbuki amelima nini, amepika hakuonja. Ukili ulioongezeka pima moja anaweza kuushika. Tena jirani yake anaupokea, anaugeuza, anamwambia mstari huu mwekundu umekaa vizuri. Furaha hiyo ni ndogo, nasi hatutaki kuikuza, lakini tumeona watu ambao kwa miezi kadhaa hawakuwa na nyingine.

Wazee kati yetu wanakumbuka miaka ambayo mkoa wetu ulipimwa sana. Vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa mwaka 1978. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera. Kabla watu hawajajua jina lake la kitaalamu waliuita ugonjwa ule Juliana. Juliana lilikuwa jina la nguo iliyopendwa na vijana wa biashara, iliyoletwa kwa magendo kutoka Uganda. Ni jambo la kusikitisha kwamba vazi, ambalo Yafa lilikuwa ukumbusho wa upendo, kwetu liligeuzwa kuwa jina la kifo na la dhihaka.

Miaka ile hofu ilivunja urafiki zaidi ya kitu kingine chochote. Watu waliogopa kikombe, waliogopa kitanda, waliogopa hata kukaa mkeka mmoja na mgonjwa au na mjane wake. Wajane walikuwa wengi, na vijijini mwetu bibi waliobaki na wajukuu walikuwa wengi pia. Tuliona mambo mawili. Tuliona nyumba zilizopitwa na njia, mlango unafungwa mchana. Tuliona pia akina mama wachache ambao hawakuwa na dawa wala elimu ya ugonjwa, waliochukua ukindu wao wakaenda kukaa uani kwa mgonjwa, wakasuka hapo mchana kutwa. Kuuguza ni kungoja, na mtu anayengoja bila kazi huondoka mapema. Kazi ya mikono iliwapa sababu ya kubaki. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, wengi walipata nafuu ya kuishi. Lakini kwa miaka ishirini kabla ya hapo, kukaa karibu ndilo jambo ambalo maskini aliweza kumpa maskini mwenzake.

Mababu zetu walikuwa na omukago, mapatano ya udugu ambayo watu wawili waliapa kwa damu na kahawa. Tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizoshikamana, na kila mmoja alikula ya mwenzake. Kanisa halikutuachia tuendelee na damu ile, na ni haki, kwa maana imekwisha kumwagika damu iliyotosha. Hata hivyo twaona wazee walilielewa jambo moja vizuri, kwamba urafiki unahitaji kitu cha kushikwa mkononi. Maneno peke yake husahaulika.

Tuendelee na somo la pili. Paulo alifika Korintho akitoka Athene, ambako baadhi ya watu walimdhihaki. Mwenyewe aliwaandikia Wakorintho baadaye kwamba alikuwa kwao katika udhaifu na hofu na kutetemeka (1 Wakorintho 2:3). Huko alimkuta Akila na mkewe Prisila. Hawa walikuwa wametoka Italia karibuni, kwa sababu Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi waondoke Rumi. Ndiyo kusema, walikuwa wakimbizi. Luka anaeleza wazi kilichowakutanisha: ufundi wao ulikuwa mmoja, wa kushona hema, na kwa hiyo Paulo alikaa kwao wakafanya kazi pamoja. Mwenye hofu na waliofukuzwa walikaa kwenye turubai moja. Miaka baadaye Paulo anaandika kwamba watu hawa walihatarisha shingo zao kwa ajili yake (Warumi 16:3–4). Urafiki wa namna hiyo ulianzia kwenye sindano. (Akina baba wasomao somo hili waone kwamba Paulo na Akila walikuwa wanaume.)

Habari za wakimbizi hatuhitaji kuhadithiwa, sisi tuliotenganishwa na Rwanda na Mto Kagera tu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na wengine waliingia kwetu Karagwe, wakawekwa katika kambi kama Chabalisa na Kagenyi. Walikaa mpaka Desemba 1996 waliporudishwa kwao. Hatutaki kuipamba habari hii. Misitu yetu ilikatwa kwa kuni, mazao yaliibwa, na miongoni mwa waliovuka walikuwamo walioua. Mwenyeji hakujua anayempa maji ni nani.

Katika hali hiyo wanawake wa kambini walisuka. Walitafuta nyasi na katani, wakasuka vikapu vyao vyenye vifuniko vilivyochongoka, agaseke, wakaja kuvibadilisha na ndizi na maharage. Akina mama wetu walivigeuza wakatazama kitako. Mtu anayesuka hawezi kujizuia kutazama kitako cha kazi ya mwingine. Wakaulizana rangi ile imetoka wapi, mshono ule unapitaje. Runyambo na Kinyarwanda vinasikilizana kidogo, na palipokwama vidole vilieleza. Hatusemi kwamba vikapu vilileta amani. Tunasema kwamba kati ya watu waliokuwa na kila sababu ya kuogopana, mazungumzo ya kwanza yasiyo ya hofu ambayo tuliyasikia yalihusu nyasi.

Nchini Rwanda kwenyewe, agaseke iliwekwa katika nembo ya taifa mwaka 2001. Dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, ambao walikulia ukimbizini Uganda, waliwakusanya wasukaji, wakiwamo wajane wa waliouawa na wake za waliofungwa kwa mauaji, wakasuka chini ya paa moja na kazi yao ikauzwa hata Marekani. Karibu nasi, huko Ngara, shirika la WomenCraft hufanya kazi na wasukaji wa pande za mpaka wa Tanzania, Rwanda na Burundi.

Hapa linatokea swali la fedha, nalo hatuna budi kulisema wazi, kwa sababu linavuruga vikundi vyetu vingi. Siku hizi beseni na mikeka ya plastiki imejaa minadani. Mkeka wa plastiki unanunuliwa leo na kutandikwa leo. Wa ukindu umechukua majuma, na mnunuzi anataka alipe bei ya plastiki. Kwa hiyo baadhi husema, tusuke cha kuuza au tuache kabisa. Sisi twaona kuuza ni halali na ni vyema. Mwanamke wa Mithali 31 aliuza mishipi kwa wafanya biashara, na ada ya shule hailipwi kwa sifa. Tunachokataa ni kikundi kuwa soko tu. Tunakifahamu kikundi kimoja, ambacho hatutakitaja, kilichoanza na akina mama tisa waliofiwa. Kilipopata mnunuzi wa mjini kiliweka daftari la faini. Mwenzao mmoja aliuguliwa na mtoto, akakosa siku nne, akatozwa, akashindwa kulipa, akaacha kuja. Vikapu vilipelekwa kwa idadi kamili. Yule mama alikaa nyumbani na mgonjwa wake, na waliokuwa wakisuka naye hawakwenda kumtazama kwa sababu alikuwa na deni lao.

Maoni yetu ni kwamba daftari la mauzo na orodha ya wanaokaa mkekani visiwe kitu kimoja. Anayeweza kuuza na auze. Asiyeweza, aliye mzee, ambaye vidole vimekakamaa, anayekuja kukaa tu na kupokea miaa na kuichana, huyo naye ni mwanachama kamili, na pengine ndiye anayesikiliza vizuri kuliko wote. Umoja wa Akina Mama ulipoanzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, ulianza kwa kuwakusanya akina mama wa mtaa mmoja, wenye mali na wasio nayo, ili wasaidiane katika malezi. Haukuanza kwa bei.

Tena tusiuzungushie ukuta. Katika wilaya zetu Waanglikana ni wachache, na majirani wetu wengi ni Walutheri na Wakatoliki. Mnyauko ulioingia mkoani mwaka 2006 haukuchagua migomba ya dhehebu fulani. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba za watu, wengi walilala nje kwa hofu ya kuta, na mikeka ilitandikwa uani kwa yeyote aliyekuwa na mtoto wa kulaza. Basi jirani akija na kazi yake, asiulizwe anasali wapi kabla hajapewa nafasi.

Vikundi vitakavyotumia somo hili twashauri viketi na kazi mkononi, si baada ya kusoma bali wakati wa kusoma. Mmoja asome Matendo 9 polepole, wengine wakisuka au kushona. Kisha mzungumze: wajane wa Yafa walikuwa na nguo za kuonyesha, je, sisi tuna nini nyumbani kilichotengenezwa na mkono wa mtu aliyetupenda, na tulikaa naye lini akikitengeneza? Ni nani katika kitongoji chetu ambaye mlango wake hupitwa siku hizi, na kati yetu nani anaweza kwenda kusukia uani kwake juma hili? Swali la pili lisiachwe mpaka jina limetajwa na mtu amekubali kwenda.

Wasio na ukindu wasibaki nyumbani, maana nyuzi za migomba zapatikana kila shamba na zinafaa kwa kujifunzia. Wenye mabonde wapande mikindu, kwa kuwa ile ya zamani imefyekwa sehemu nyingi na akina mama wanaifuata mbali. Na anayejua kuanza kitako cha kikapu akae karibu na asiyejua, kwa maana wengi hushindwa hapo siku ya kwanza na hawarudi ya pili.